Herufi moja ilinidondoka darasani, na sasa wanafunzi wananivumia

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 22, mwanachuo wa mwaka wa pili wa stashahada ya ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia. Nimezaliwa na kukulia Kwimba, katika nyumba ambayo Kisukuma ndicho kilichotuamsha asubuhi na ndicho kilichotulaza usiku. Kiswahili nilikikuta shuleni. Nayataja haya mapema kwa sababu yanahusiana na jambo linalonikosesha usingizi. Kwa mazoezi ya kufundisha, yaani BTP, nilipangiwa shule moja ya sekondari ya kutwa mkoani Tanga, ambako hata mama anayeuza kachori langoni anazungumza Kiswahili kitamu kuliko changu mimi ninayekuja kukifundisha.

Ilikuwa wiki ya tatu, siku ya Jumanne, kipindi cha kwanza, katika mkondo mmoja wa Kidato cha Pili wenye wanafunzi 58. Mada ilikuwa matamshi. Usiku ule nilikuwa nimelala saa nane, maana nilikuwa nachora chati ya ala za sauti kwa kalamu za rangi tatu, koo nyekundu, ulimi wa buluu, meno meusi kwa kuwa rangi nyeupe haionekani kwenye karatasi nyeupe. Mwalimu mlezi wangu alikuwa ameketi nyuma ya darasa, daftari magotini, akinitazama.

Niliwapa wanafunzi kifungu wasome kwa sauti, mmoja mmoja. Kijana anayekaa dirishani, ambaye nadhani familia yake imehamia kutoka Kanda ya Ziwa, alisoma "kalatasi" mahali palipoandikwa "karatasi", na wenzake wakaangua kicheko. Nikataka kuwanyamazisha. Nilikusudia kusema: "Msicheke, matamko yenu nyote yana makosa." Neno la pili halikutoka kama lilivyopaswa kutoka. Ile m iliyo katikati ya "matamko" sijui ilikwenda wapi. Iondoe, Mama, uone kinachobaki, kisha uisome sentensi yote. Mimi mkono wangu unakataa kuiandika.

Kwa muda wa kama kuvuta pumzi mbili darasa lilikuwa kimya kabisa, na katika kimya kile nilitumaini kwamba hawakusikia. Kisha vicheko vikalipuka. Walicheka hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Mwalimu mlezi aliinamisha kichwa kwenye daftari, lakini niliyaona mabega yake yakitikisika. Badala ya kujisahihisha nilipiga kelele, "Nyamazeni!", nikageukia ubao na kuandika tarehe, ilhali tarehe ilikuwa imeshaandikwa.

Tangu siku ile, kila nikigeuka kuandika ubaoni, darasa zima linavuma: mmmmm. Midomo yote imefungwa, na nikiwageukia, kila mmoja anatazama daftari lake kama mtu anayesali. Mwalimu mlezi anasema wananirudishia m yangu niliyoidondosha. Jina la utani nimeshapewa, nalo pia sitaliandika. Wavumaji wanatoka hasa katika safu mbili za nyuma, lakini walio mbele wanatabasamu, na kwangu mimi hao ni wale wale.

Siku hizi sisemi mengi. Naandika kila kitu ubaoni, wao wananakili. Penye kusoma kwa sauti namteua kiranja. Neno lile nimelifuta kabisa katika maandalio yangu ya somo. Lakini nikilikimbia hilo, mengine yananikamata: R na L zilizokuwa zimetulia tangu nianze chuo zimeanza kugombana upya, na juzi katika Historia nilisema "wananchi walipiga kula" mara mbili katika kipindi kimoja. Nikiwa darasa la nne mwalimu aliwahi kunisimamisha juu ya dawati niseme "karibu" mpaka nipatie. Nilisema kalibu, kalibu, kalibu, hadi kengele ikaniokoa. Nilidhani siku ile imekwisha, kumbe bado inanisubiri.

Mwanachuo mwenzangu, mtu wa sala sana, ameniambia kwamba kinywa hunena yaujazayo moyo, na kwamba nijichunguze nimejaza nini moyoni. Maneno hayo yameniumiza kuliko kuvumiwa. Je, mimi nina mawazo machafu nisiyoyajua?

Baada ya wiki mbili mkufunzi kutoka chuoni anakuja kunitathmini, na mada itakayokuwa imefikiwa ni usomaji wa shairi kwa sauti, jambo ambalo siwezi kumwachia kiranja. Nimefikiria kumwomba mwalimu wa taaluma anihamishie mkondo mwingine. Mwalimu mlezi ameshauri tuwatoe wavumaji wachache wachapwe, wengine watanyamaza. Rafiki yangu mmoja anasema niliombe darasa radhi. Mama yangu mzazi, nilipomsimulia kwa simu, alisema niache ualimu nirudi nyumbani, kaka yangu ana duka la pembejeo na anatafuta mtu wa kumwamini. Naona kila njia ina miiba. Wanafunzi wenyewe wamepoa. Hata yule kijana wa dirishani, ambaye zamani alikuwa akinyoosha mkono kila swali, sasa hanyooshi, ingawa labda ana mambo yake. Nifanye nini, Mama?

Aliyedondosha M, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Sitakuficha: nilipoiondoa hiyo m na kuisoma sentensi yako nzima nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikaona aibu, nikaisoma barua yako upya polepole. Naomba radhi kwa kicheko hicho. Nakieleza kwa sababu kinakuonyesha kitu kuhusu wanafunzi wako, ambao ni watoto wa miaka 14 na 15. Ikiwa mimi niliyezeeka nimeshindwa kujizuia, wao wangejizuiaje? Na ili tuwe sawa, nami nikupe changu. Miaka mingi iliyopita niliombwa niwe mshereheshaji wa harusi ya binamu yangu, na mlango wa ukumbi ulipofunguliwa nilisema kwa sauti yangu yote kwenye kipaza sauti: "Tusimame tuwapokee marehemu." Nilikusudia maharusi. Bwana harusi alicheka. Mama mkwe hakucheka, na hajacheka hadi leo.

Nikikuelewa vizuri, unaniambia kwamba neno moja lililokuponyoka limekuondolea sauti mbele ya darasa, kwamba ukimya wako umekuwa njia yako ya kujikinga, na kwamba mtu umpendaye kwa imani amekufanya ushuku moyo wako mwenyewe. Juu ya hayo kuna mkufunzi anayekuja, na kuna shairi. Nitajaribu kuyagusa yote, lakini naomba uniruhusu nianze na hilo la moyo, kwa kuwa nadhani ndilo linalochoma.

Kuteleza kwa ulimi kumechunguzwa kwa zaidi ya karne. Mwaka 1895 mtaalamu wa lugha wa Vienna, Rudolf Meringer, akishirikiana na daktari Carl Mayer, alichapisha mkusanyiko wa makosa ya namna hii, mengi yakiwa yamenaswa kutoka vinywani mwa wasomi wenzake walipokuwa mezani wakila. Alichokiona ni kwamba makosa hayo hayatokei ovyo: sauti ya neno linalokuja hutangulia, ya neno lililopita hung'ang'ania, maneno mawili yanayofanana hugombea mlango mmoja. Miaka michache baadaye, mwaka 1901, daktari Sigmund Freud, naye wa Vienna, alichukua makosa kama hayo akayasoma kwa jicho tofauti. Mfano wake maarufu ni wa rais wa bunge la Austria aliyesimama kufungua kikao akatangaza kwamba kikao kimefungwa. Freud alisema mzee yule moyoni alitamani kifungwe kweli. Rafiki yako wa sala na Freud wasingekaa meza moja, lakini katika hili wanasema karibu jambo lile lile.

Sasa tuitazame sentensi yako kwa macho ya Meringer. "Matamko yenu nyote yana makosa." Lisome neno la kwanza, kisha lisome la mwisho. Yote mawili yanaanza na ma, na yote mawili yana ko ndani yake. Katika la kwanza ile ko imetanguliwa na m inayosimama peke yake kama silabi, ma-ta-m-ko, katika la mwisho haikutanguliwa na kitu cha aina hiyo, ma-ko-sa. Akili inapoongea huwa imeshaandaa maneno kadhaa ya mbele kabla ulimi haujayafikia. Naona inawezekana sana kwamba "makosa", likiwa limeshajipanga mlangoni, liliivuta ko yake mbele kabla ya zamu, na m ikabanwa ikaanguka. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kichwani mwako, lakini hakuna haja ya kumtafuta shetani pale ambapo silabi mbili zinatosha.

Ni kweli kwamba neno lililotoka lilikuwa la aibu, na hapo ndipo watu hushuku. Katika miaka ya 1970 wanasaikolojia wa Marekani Bernard Baars na Michael Motley walibuni mbinu ya kuwafanya watu wateleze ulimi kwa makusudi ya utafiti, kwa kuwasomesha jozi za maneno kwa kasi. Wao na wenzao waligundua kwamba makosa ambayo yangezaa neno la aibu hutokea kwa uchache kuliko yale yanayozaa neno la kawaida, kana kwamba ndani yetu kuna mlinzi anayekagua maneno kabla hayajatoka. Mlinzi wako yupo, mwanangu. Asubuhi ile alikuwa amelala saa nane usiku baada ya kupaka koo rangi nyekundu, na mbele yake kulikuwa na daftari la mwalimu mlezi. Alipitwa mara moja.

Lakini utafiti huo huo una upande wa pili, na sitaki kukupa nusu yake tu. Watu waliotishwa kwamba huenda wakapigwa shoti ya umeme waliteleza zaidi kwenye maneno yanayohusu umeme. Kwa hiyo kinachoulemea moyo kinaweza kweli kuuinamisha ulimi. Basi tuulize: moyo wako ulijaa nini Jumanne ile? Nimeisoma barua yako mara tatu na jibu ninaloliona ni hilo neno lililokuwa mwisho wa sentensi. Ulijaa makosa. Hofu ya kukosea mbele ya Watanga, hofu ya kukosea mbele ya mlezi, na ile "kalibu" ya juu ya dawati la darasa la nne. Kama kinywa chako kilinena yaujazayo moyo, basi kilinena hayo. Rafiki yako akitaka kukuombea, na akuombee. Sala haina hasara. Ila unaweza kumwambia amekosea anuani.

Hapo nifungue fundo jingine. Umefunga R na L katika mzigo mmoja na ile m, lakini asili zake si moja. Kuangusha m ni kuteleza: unajua neno sahihi na ungelisema bila shida sekunde mbili baadaye. "Kula" badala ya "kura" ni njia iliyokanyagwa tangu utotoni, kwa sababu Kisukuma hakina R katika maneno yake ya asili, na sikio lililolelewa bila kutenganisha sauti hizo mbili hulazimika kujifunza utengano huo ukubwani. Kuteleza hakutibiki kwa mazoezi, maana hakuna binadamu asiyeteleza. Waliohesabu katika Kiingereza wanakadiria kosa moja au mawili katika kila maneno 1,000. Hata tukipunguza kwa kuwa maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, mwalimu anayezungumza kwa dakika 40 lazima ateleze zaidi ya mara moja, mwalimu mlezi wako akiwemo. Tofauti ni kwamba ya kwao yaliangukia kwenye nyasi.

R, kwa upande mwingine, inafundishika, na kwa kuwa wewe ni mwalimu wa Kiswahili nisingependa kukubembeleza kwamba haina maana, mkufunzi ataisikia. Jirekodi kwa simu jioni ukisoma jozi kama fahari na fahali, mahari na mahali, karamu na kalamu, kisha sikiliza kesho yake asubuhi wakati sikio limepumzika. Soma taratibu kuliko unavyoona inafaa. Tia alama ya penseli juu ya kila R katika shairi utakalolisoma. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Ukizidisha utaanza kuiogopa upya. Na ukijilinganisha na wenyeji wako, kumbuka kwamba Kiswahili sanifu kiliegemezwa kwenye Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kwamba pwani yenyewe ya Tanga ina lahaja yake, Kimtang'ata. Wazee wa watoto wanaokuvumia nao walijikuta siku moja wanasahihishwa na kitabu.

Sasa nikuulize mambo mawili au matatu, kwa upole. Umeandika kwamba "darasa zima" linavuma, kisha mistari mitatu mbele ukasema wavumaji wako safu mbili za nyuma. Ni wangapi hasa? Watafiti wa chuo kikuu cha Cornell, katika makala ya mwaka 2000, walimvalisha mwanafunzi fulana yenye picha ya mwanamuziki aliyemwonea haya, wakamwingiza chumbani mwa wenzake, kisha wakamuuliza ni wangapi waliiona. Waliovalishwa walikisia karibu nusu ya waliokuwemo. Walioiona kweli walikuwa karibu robo. Najua kosa lako halikuwa fulana, wote 58 walilisikia na sitakwambia vinginevyo. Lakini kusikia Jumanne moja ni jambo moja, na kulibeba wiki nzima ni jingine. Wa mbele wanaotabasamu, je, wanakutabasamia wewe, au wanatabasamia kichekesho cha wenzao, au wana haya kama wewe? Ukiwahesabu wote kuwa ni wale wale unawaongezea wavumaji jeshi ambalo hawana.

La pili ni juu ya kulikimbia neno. Mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaambia wanafunzi wa Marekani, katika jaribio alilolichapisha mwaka 1987, kwamba kwa dakika tano wasimfikirie dubu mweupe, na wakimfikiria wapige kengele. Waliipiga zaidi ya mara moja kwa dakika. Ndiyo maana nadhani R na L zimeanza kugombana tena: mlinzi wako amepewa kazi ya kulikamata neno moja, na mengine yanapita nyuma ya mgongo wake.

La tatu nimelibakiza kwa makusudi, kwa kuwa wewe umelitaja kama jambo la pembeni. Kijana wa dirishani. Kicheko cha Jumanne hakikuanza kwako, kilianza kwake. Ulitaka kumkinga, na hilo linakupa heshima, ingawa naomba uitazame tena kinga yenyewe: hata m ingekuwa mahali pake, ulikuwa unawaambia watoto 58 kwamba wote wana makosa, naye akiwemo. Kisha kicheko kilihama kutoka kwake kuja kwako, ukageuka ubaoni, na tangu hapo, kwa jinsi ulivyonieleza, hakuna aliyerudi kwake. Unasema labda ana mambo yake. Labda. Lakini mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono kila swali na sasa hanyooshi huenda yuko juu ya dawati lile lile ulilosimama wewe ukiwa darasa la nne, na tofauti ni kwamba kengele yake haijalia.

Nikija kwenye njia ulizozitaja, sioni hata moja isiyo na hasara. Kuhama mkondo kungekupa pumzi, na siwezi kukulaumu ukiomba. Mtu aliyechoka ana haki ya kupumzika. Ila shule ni ya kutwa na ua ni mmoja, na jina la utani halihitaji ruhusa ya mwalimu wa taaluma ili livuke ukuta. Utafika huko ukisubiri uvumi wa kwanza. Pia mkufunzi anaweza kuuliza kwa nini umehama, nawe utalazimika kulisimulia jambo hili ukiwa umelikimbia, ambako ni kugumu zaidi kuliko kulisimulia ukiwa umesimama nalo.

Viboko vinanitia shaka zaidi. Kwa mujibu wa kanuni, adhabu hiyo iko mikononi mwa mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, kwa hiyo wewe mwanachuo usiiguse hata kwa kidole. Na utamchapa nani? Uvumi hauna mwenyewe. Ndiyo sababu wameuchagua. Utamtoa mmoja asiye na hatia, na wenye hatia watajua kwamba hukuwajua. Lakini mlezi wako alikusudia kukusaidia, na ukimkatalia, mkatalie kwa heshima, tena mapema, kabla hajachukua hatua kwa niaba yako.

Kuomba radhi darasani kunategemea unaomba radhi ya nini. Ukiomba radhi kana kwamba uliwatukana, unaweza kulifanya kosa la ulimi lionekane kosa la nia. Ukisema kwa utulivu, sentensi moja au mbili, kwamba siku ile ulikusudia "matamko", ulimi ukateleza, na kwamba hukupenda ulivyowapigia kelele, hapo unaomba radhi ya kitu ulichokitenda kweli. Hatari yake ni kwamba wapo watakaocheka tena, na utahitaji kusimama hapo wakicheka, mikono imetulia, bila kuigusa chaki, mpaka wamalize. Je, unajiona unaweza hilo wiki hii? Kama bado, si lazima liwe wiki hii.

Ipo njia nyingine ambayo hukuitaja, nami naisita kidogo. Somo lako ni matamshi, na fasihi simulizi yetu ina vitanza ndimi, ambavyo vilitungwa ili watu wateleze na kucheka pamoja, kama kile cha watu wa Liwale wanaokula wali. Ungeweza kufungua kipindi kwa vitanza ndimi viwili vitatu, wewe ukianza, ukiteleza kwanza wewe, kisha safu za nyuma wakipewa zamu yao ya kuonja. Darasa ambalo kila mtu ameteleza ni gumu kulivumia. Nasita kwa sababu mzaha darasani ni kama moto wa kuni, na huwafahamu bado vizuri vya kutosha kujua utashika wapi. Zungumza na mlezi wako kwanza, naye akae ndani siku hiyo. Na usimwite kijana wa dirishani kusoma isipokuwa ameomba mwenyewe.

Kuhusu jina la utani sina dawa. Kulikuwa na mkuu wa chuo kimoja cha Oxford, William Spooner, aliyesifika kwa kubadilishana sauti za maneno hadi kosa la namna hiyo likapewa jina lake katika Kiingereza, na nyingi ya hadithi zake inasemekana wanafunzi walizitunga wenyewe. Hata hivyo alikiongoza chuo kile kuanzia 1903 hadi 1924. Najua si faraja kubwa, kwa sababu jina lilimshika hadi leo. Lako litakaa kwa majuma matatu yaliyobaki, na huenda mmoja wao atakuamkia kwa jina hilo stendi ya mabasi miaka kumi ijayo akiwa na mtoto mgongoni.

Na duka la kaka yako. Mama yako amesema vile kwa sababu alisikia unalia, na mama akisikia mwanawe analia humwita nyumbani. Ni mwaliko mwema na sitaki uudharau. Inawezekana kabisa kwamba ualimu si kazi yako, na si kosa kuligundua hilo ukiwa na miaka 22. Ninachoomba tu ni kwamba usiliamue jambo hilo kwa ushahidi wa herufi moja, wala ndani ya wiki hizi. Kabla ya Jumanne ile ulikuwa unapenda nini katika kufundisha? Katika barua yako yote, mahali pekee nilipokuona umesahau hofu ni pale ulipoeleza kwa nini meno ya chati yalikuwa meusi.

Mkufunzi akija, huna haja ya kumficha. Wengi wao waliwahi kusimama mahali uliposimama, na mwanachuo anayeweza kusema, "Nilikuwa na tatizo hili na hivi ndivyo ninavyolishughulikia," huwa anampa mtathmini kitu cha kuandika. Lala mapema usiku wa kuamkia siku hiyo, hata kama chati haina rangi.

Kwa sasa nakuomba kitu kidogo tu. Jumatatu ukigeuka kuandika ubaoni na uvumi ukianza, usikimbilie kuwageukia. Endelea kuandika neno lako mpaka liishe, ukisikiliza unatoka dawati gani na ni wangapi. Kisha ukigeuka, tazama kwanza dirishani. Uniandikie kama yule kijana alikuwa anavuma pamoja nao, au alikuwa amenyamaza anakutazama.